Land Rover 2.25 ya petroli: ugonjwa ni wa kabureta, wa manifoldi, au si wa hata kimoja?

Mwenye Land Rover ya zamani ya petroli, iwe Series II, IIA au III, hapiti miaka mingi bila kuambiwa na fundi, "Bwana, hii kabureta imekufa, tafuta nyingine." Wakati mwingine fundi amesema kweli. Lakini kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, iko juu, inaonekana, inafunguka upesi, na kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa kwanza hata kama kosa liko kwingine kabisa. Unanunua mpya, unafunga, gari linasita vilevile, na sasa una kabureta mbili na tatizo moja.

Injini tunayoizungumzia ni ile ya silinda nne ya cc 2,286, ambayo wengi huiita "two and quarter". Ilianza na Series II mwaka 1958. Nguvu yake ni farasi 77 ikiwa kwenye mizunguko 4,250 kwa dakika, lakini mvuto wake hufika kileleni kwenye mizunguko 2,500 tu. Namba hii ya pili ndiyo ya kukariri. Ni injini ya kuvuta taratibu, na mtu akichagua kabureta au manifoldi (mabomba ya chuma ya kuingiza hewa kwenye silinda na kutoa moshi) bila kukumbuka hilo huishia na gari lenye kelele zaidi na mvuto pungufu.

Kutoka kiwandani zilikuja kwanza na kabureta ya Solex 40 PA10, baadaye na Zenith 36 IV. Weber 34 ICH ni ya kubadilishia, na leo ndiyo utakayoiona kwenye magari mengi. Kuna pia zile za mafundi wetu, kabureta ya pikapu ya Kijapani iliyokaa juu ya bamba la kuchongwa gereji. Hizo nazo tutazifikia.

Kabla ya kushika bisibisi ya kabureta

Anza na tapeti, ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu. Uwazi ni milimita 0.25, yaani thau kumi (sehemu kumi za elfu za inchi), kwa valvu zote nane. Tangu petroli yenye risasi iondolewe Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, silinda hedi zenye vikao laini vya valvu za ekzosi zimekuwa zikiliwa kidogokidogo. Kikao kikiliwa, valvu inapanda, uwazi unapungua, na siku moja valvu inashindwa kufunga sawasawa injini ikipata moto. Dalili zake? Sailensi (injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa) inatetemeka, gari linamisi, linakula mafuta. Yaani dalili zilezile za kabureta mbovu. Fila moja (kipimo cha vibamba vyembamba) na nusu saa ya kazi zitakuokolea pesa nyingi.

Halafu pointi za distributa, zile za kukata na kuunganisha umeme wa koili. Uwazi wake ni milimita 0.35 hadi 0.40, uso wake uwe safi, na kondensa iwe ya kuaminika (kondensa mpya za siku hizi hufa mapema kuliko za zamani, kwa hiyo usiitupe inayofanya kazi). Chomoa mrija wa vakyumu (mvuto wa hewa) unaokwenda kwenye distributa, uchomoe upande wa kabureta, uunyonye kwa mdomo. Hewa ikipita bila kizuizi, diaframu imechanika, na gari litasita ukikanyaga hata ukilifungia kabureta ya dhahabu.

Sasa funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Hapa ndipo wengi wa nyanda za juu hupotezwa na vitabu. Kitabu kitakuambia kwamba injini nzima kwenye sailensi inaonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na hilo ni kweli ukiwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu inchi moja. Nairobi iko juu ya mita 1,700, kwa hiyo inchi 12 hadi 15 pale ni afya kamili. Nimeona watu wakifungua injini nzima Nakuru kwa sababu geji ilisoma 14, wakati injini haikuwa na kosa lolote ila kuishi juu.

Zaidi ya namba, tazama mwendo wa mshale. Ukitulia mahali pake, vizuri. Ukitulia lakini chini sana, shuku taimingi iliyochelewa au hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Ukidunda kwa mpigo uleule kila mara, ni valvu moja, na hapo kabureta haihusiki. Ukienda mbele na kurudi polepole kama unaotafutatafuta, ndipo kabureta inaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Sailensi inapanda na kushuka, au gari linazima ukiachia mafuta

Skurubu ya mchanganyiko ukiigeuza huku na huku bila injini kujali, kuna hewa inayoingia chini ya kabureta, au njia ya mafuta ya sailensi imeziba. Jeti ya sailensi, kipande kinachopima mafuta, ina tundu dogo sana, na punje moja ya vumbi inatosha kuliziba. Itoe, ipulize kwa hewa ya kompresa, usiichokoe kwa waya. Waya unapanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi. Kama una Weber 34 ICH yenye koili ndogo ya umeme ubavuni, hakikisha waya wake unapata umeme swichi ikiwa imewashwa. Koili hiyo hufunga mafuta ya sailensi umeme ukikosekana, na fundi asiyeijua huiacha ikining'inia kisha akaanza kuisaka hitilafu kwenye tangi.

Kwa hewa inayovuja, wengine hunyunyizia petroli au spreyi kwenye maungio na kusikiliza injini. Kwenye Land Rover hii usifanye hivyo. Manifoldi ya hewa imekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, upande mmoja, na chochote kinachodondoka hapo kinadondokea chuma cha moto. Chukua brashi ya rangi na oili nzito ya injini, paka taratibu kwenye ungio moja baada ya jingine. Oili ikiziba ufa, sailensi itabadilika mara moja, na utaona jinsi oili inavyofyonzwa ndani. Paka pia kuzunguka mhimili wa kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) pande zote mbili. Mhimili uliolika ni ugonjwa wa kawaida wa kabureta za zamani, hasa Solex zilizofanya kazi miaka mingi kwenye vumbi, na hauponi kwa kubadilisha gasketi. Unahitaji bushi mpya au mwili mwingine wa kabureta. Usisahau mpira wa boosta ya breki kama gari lako linayo: ubane kwa koleo, injini ikitulia umempata mwizi.

Uvujaji mwingi wa injini hii unatokana na jinsi manifoldi ilivyofungwa mara ya mwisho, kwa hiyo nieleze hili kwa urefu. Manifoldi ya hewa na ya ekzosi zimeungana katikati kwa bolti nne, na pamoja zinabanwa kwenye silinda hedi na gasketi moja. Mafundi wengi hutoa manifoldi zote mbili zikiwa zimeungana, hubadilisha gasketi hiyo, huzirudisha vilevile na kukaza. Zile bolti nne zikiwa zimekazwa tangu mwanzo, nyuso mbili zinazopaswa kulala bapa kwenye hedi haziko tena kwenye mstari mmoja. Ukikaza nati zinazozibana kwenye hedi, upande mmoja unabana na mwingine unabaki na mwanya wa unywele. Injini baridi utaona shwari. Ikipata moto chuma kinatanuka, mwanya unafunguka, sailensi inaanza kuyumba. Pengine manifoldi ya ekzosi inapasuka.

Utaratibu unaotakiwa ni huu: legeza bolti nne za katikati mpaka manifoldi mbili zicheze kidogo, weka gasketi mpya, pandisha zote kwenye hedi, kaza nati hizo za kwenye hedi kidogokidogo ukianzia katikati kwenda pembeni, ndipo umalizie kwa zile bolti nne. Kabla ya yote weka rula ya chuma juu ya nyuso zinazokaa kwenye hedi. Ukiweza kupenyeza fila ya milimita 0.2 chini ya rula, peleka manifoldi kwa fundi wa mashine asawazishe zote mbili kwa pamoja, zikiwa zimefungwa kama zitakavyokaa kwenye gari. Akizisawazisha moja moja, mmerudi mlikotoka.

Moshi mweusi, plagi nyeusi, mafuta yanaisha kabla ya safari

Kwanza yaliyo rahisi. Choki imerudi kabisa? Waya wake ukikwama nusu, dereva anaendesha na choki siku nzima bila kujua. Chujio la hewa la oili, lile la bakuli, likijazwa oili kupita alama hewa inapita kwa shida na mchanganyiko unakuwa mzito. Boya la kabureta, linalozuia mafuta yakijaa, likiwa na petroli ndani yake (litikise sikioni, utaisikia) mafuta yanapanda kupita kiasi.

Na kuna hili la pampu. Pampu ya asili ni ya kimekanika, inasukumwa na kemshafti, na ina kikombe cha kioo cha kukusanyia uchafu. Ikifa, mtu anafunga ya umeme. Si vibaya, isipokuwa akichukua ya gari la injekshi. Pampu hiyo inasukuma bar 2 na kuendelea, ilhali kabureta inataka chini ya robo bar. Sindano ya boya haiwezi kulizuia shinikizo hilo. Petroli inafurika, inashuka juu ya ekzosi, na sasa hatuzungumzii tena matumizi ya mafuta, tunazungumzia moto. Tafuta pampu ya umeme ya kabureta, au kidhibiti cha shinikizo kinachoaminika, au nunua diaframu mpya ya pampu ya asili na umalize kazi.

Hayo yakiwa sawa na una Zenith 36 IV, fungua kabureta utazame jambo moja. Zenith hii ina sehemu ya juu na ya chini zinazokutana kwenye uso bapa, na ndani kuna bloki yenye jeti, pamoja na pete ndogo ya mpira inayoziba njia ya mafuta kati ya bloki na sehemu ya juu. Miaka ya joto, na miaka ya mafundi kukaza skurubu kwa hasira, hupinda ule uso. Pete nayo hukauka na kulala bapa. Basi mvuto wa injini unafyonza petroli kupitia pembeni mwa pete badala ya kupitia jeti. Unaweza kubadilisha jeti mpaka uchoke, moshi ni uleule, kwa sababu mafuta hayapiti kwenye jeti.

Kuthibitisha, simamisha rula ya chuma kwa ukingo juu ya uso huo, inua kabureta usoni pako kuelekea dirishani. Ukiona mwanga chini ya rula, hasa katikati, jibu umelipata. Dawa yake ni kipande cha kioo kinene, msasa wa maji namba 400, mafuta ya taa kidogo, na subira. Laza msasa juu ya kioo, laza uso wa kabureta juu ya msasa, sugua kwa kuzungusha namba nane bila kugandamiza. Kila baada ya muda kidogo futa na utazame. Sehemu zilizopinda chini zitabaki na rangi ya kijivu kilichofifia, zile zinazoguswa zitang'aa. Endelea mpaka uso wote ung'ae rangi moja. Fanya hivyo pande zote mbili. Weka pete mpya inayostahimili petroli, maana pete ya kawaida ya maji huvimba na kuharibika, na gasketi mpya. Skurubu zikaze kwa nguvu ndogo, kwa zamu, mshazari kwa mshazari.

Zenith iliyotengenezwa hivi ni kabureta nzuri, na mwenye nayo hana sababu ya kuiuza kwa bei ya vyuma chakavu ili anunue nakala isiyo na jina.

Halafu kuna mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini jeti haijui hilo. Inaendelea kutoa mafuta kana kwamba iko pwani. Nairobi mchanganyiko unazidi uzito kwa asilimia 8 au 9 kuliko Mombasa, kabureta ikiwa ileile. Eldoret, kwenye mita 2,100, zaidi kidogo. Kwenye Weber namba ya jeti ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 135 ni milimita 1.35. Ukishuka hatua moja kutoka 135 kwenda 130 umepunguza eneo la tundu kwa asilimia 7 hivi, ambayo inakaribia tofauti ya kupanda kutoka pwani mpaka Nairobi. Anayeishi Njombe au Limuru na kufunga kabureta iliyotoka dukani na jeti za pwani atatoa moshi na kulaumu chapa. Anayeishi juu lakini hushuka baharini mara kwa mara abaki na jeti ya pwani, kwani mchanganyiko mzito kidogo hauui injini, ila mwepesi huunguza valvu.

Na mwinuko huo unachukua nguvu bila kujali kabureta, karibu asilimia 3 kila mita 300. Farasi wako 77 wakifika Nairobi wamebaki kama 64. Hakuna kabureta isiyo na turbo itakayokurudishia hao wengine, na anayekuuzia ahadi hiyo ana bidhaa ya kukuuzia.

Ukikanyaga ghafla linasita, kisha linaondoka

Kama kabureta ni ya asili au Weber 34 ICH, zima injini, toa chujio, tazama ndani ya koo la kabureta huku ukisukuma fimbo ya mafuta kwa mkono. Lazima uone mchirizi imara wa petroli tangu kipepeo kinapoanza kufunguka. Mchirizi dhaifu, au unaochelewa, ni diaframu au vali ya pampu ndogo ya kabureta. Dawa ni seti ya vipuri vya matengenezo, bei yake ndogo.

Mchirizi ukiwa mzuri na gari bado linasita, uliza kabureta ina ukubwa gani. Hesabu yake si ngumu. Injini ya lita 2.286 hujaza silinda zake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 4,250 ingehitaji lita 4,858 za hewa kwa dakika kama ingejaa kikamilifu. Haijai, chukua asilimia 80, unapata kama lita 3,900. Hicho ndicho kilele cha mahitaji yake maishani, na dereva wa Land Rover hufika huko mara chache.

Sasa shuka kwenye mizunguko 1,500, unapanda kilima chenye matope, gia ya pili. Hewa inayopita ni kama lita 1,370 kwa dakika. Kwenye koo la milimita 28 hewa hiyo inakimbia kama mita 37 kwa sekunde. Mwendo huo unatosha kufyonza petroli na kuipasua iwe ukungu. Panua koo liwe milimita 36 na hewa ileile inatembea mita 22 tu kwa sekunde. Petroli inatoka kwa matone, inalala kwenye kuta za manifoldi, injini inakohoa. Kwa hiyo kabureta kubwa humnyima mvuto mwenye Land Rover palepale anapouhitaji, na kumpa nguvu kwenye mizunguko asiyoifikia.

Niliwahi kushughulikia Land Rover 109 (ile ndefu) ya mzee mmoja iliyofungwa kabureta ya koo mbili ya pikapu ya Kijapani, juu ya bamba la aluminiamu lililochongwa kwa mkono. Malalamiko yake yalikuwa mawili: gari linasita kwenye gia ya kwanza, na plagi mbili kati ya nne ni nyeusi wakati nyingine ni nyeupe. Kabureta haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye bamba. Manifoldi ya asili ina tundu moja la mviringo. Bamba lilikuwa na matundu mawili kwa juu, na chini yake ukingo mkali ulioziba karibu nusu ya tundu la manifoldi. Koo ya kwanza, inayofanya kazi peke yake mwendo ukiwa mdogo, ilikuwa inamwagia mafuta upande mmoja, silinda mbili zikashiba na mbili zikafa njaa. Tulichonga bamba lingine nene, takriban milimita 25, lenye njia inayojikusanya polepole kutoka matundu mawili kuwa moja, bila ngazi, na kuigeuza kabureta robo mzunguko ili koo zake zipangane kukatisha manifoldi na si kufuata urefu wa injini. Rangi za plagi zikalingana. Kusita kukapungua sana, ingawa hakukuisha, maana ile kabureta ilipimiwa injini nyingine yenye manifoldi nyingine.

Kama unalazimika kufunga kabureta ya aina hii, tazama pia kipepeo kikifunguka kabisa kisiguse bamba. Mrija wa distributa uunge kwenye tundu lililo juu kidogo ya kipepeo kikiwa kimefungwa, lile lisilonyonya wakati wa sailensi. Na funga boneti polepole kabla ya kulifunga kwa nguvu, hasa kama unabeba tairi la akiba juu yake. Kabureta ndefu juu ya bamba nene hufika mahali ambapo Solex haikuwahi kufika.

Linakwenda vizuri, halafu linakata pumzi kwenye mlima mrefu

Hili karibu kila mara ni mafuta kutofika. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, piga stata. Mafuta yaje kwa mipigo iliyojaa. Yakija kwa unyonge, rudi nyuma: kikombe cha kioo cha pampu, kichujio chake cha waya, mrija wa chini ya chasi uliobonyezwa na jeki, kifuniko cha tangi kisichopumua. Fungua kifuniko gari likikata. Ukisikia "fyuu" ya hewa ikiingia, toboa au badilisha kifuniko na usiguse kingine.

Asubuhi ya baridi linagoma, mchana wa joto linagoma vilevile

Sababu hazifanani, na zote mbili zinahusu joto la manifoldi.

Pale manifoldi ya hewa inapogusana na ya ekzosi, wabunifu walikusudia ekzosi iipashe moto, ili petroli ipate kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye silinda. Wapenda mbio huitupa ekzosi ya asili na kufunga ya mabomba marefu. Inapendeza macho, sauti inabadilika, na faida kwenye mizunguko ya juu ipo. Lakini manifoldi ya hewa sasa inaning'inia peke yake, baridi. Mufindi au Timboroa saa kumi na mbili asubuhi utavuta choki kilomita nyingi, na ukiirudisha injini inakohoa. Ukitaka ekzosi ya mabomba, chagua manifoldi ya hewa yenye njia ya maji ya rejeta chini yake, na uiunganishe kwenye mirija ya hita. Kama huitaki kazi hiyo, baki na ekzosi ya chuma. Kwa gari la kazi, mimi ningebaki nayo bila kujiuliza mara mbili.

Pwani kisa kinageuka. Unaegesha dakika kumi Mombasa saa nane mchana, ukirudi gari linazungusha bila kushika, harufu ya petroli kila mahali. Joto la ekzosi limepanda kwenye kabureta, petroli ya kwenye bakuli imechemka na kumwagika ndani ya koo. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, ushikilie, usipampu, piga stata. Litashika. Dawa ya kudumu ni kile kizuizi cha joto, bamba nene la plastiki ngumu linalokaa kati ya kabureta na manifoldi. Mara nyingi limeshapotea, fundi fulani aliliona halina kazi. Lirudishe, na gasketi mbili, moja kila upande.

Umethibitisha kabureta ndiyo mbovu. Ununue ipi?

Zenith iliyosawazishwa ni chaguo langu la kwanza kama mwili wake haujapasuka na mhimili haujalika. Inalingana na manifoldi, chujio na fimbo za mafuta bila kuchonga chochote.

Weber 34 ICH ni ya pili, na kwa wengi ndiyo ya busara. Ni koo moja, ina vipande vichache, haisumbui. Utapoteza kidogo nguvu ya juu kabisa, utafidiwa kwenye matumizi ya mafuta. Nunua yenye bamba lake na fimbo zake, na jeti mbili za akiba, moja juu na moja chini ya iliyomo. Kwenye soko kuna nakala nyingi. Fungua sanduku dukani, chungulia kipepeo kikiwa kimefungwa uelekeze kwenye mwanga: mwanga uonekane kidogo na sawa pande zote. Shika mhimili uutikise. Ukicheza kwenye kabureta mpya, irudishe palepale kaunta.

Ukitaka zaidi, njia ninayoiheshimu ni kuchukua manifoldi na kabureta ya Weber 32/34 DMTL kutoka kwenye injini ya petroli ya lita 2.5 iliyokuja mwaka 1985 kwenye Ninety na One Ten, Land Rover zilizofuata Series III. Ni koo mbili zinazofunguka kwa zamu: ndogo inashughulikia mwendo wa kawaida, ya pili inaingia ukikanyaga kwa nguvu. Manifoldi yake iliundwa kwa ajili yake, hakuna bamba la kubahatisha. Chukua manifoldi za hewa na ekzosi kwa pamoja, kwa sababu zimekaa miaka mingi zikiwa jozi.

Kabureta ya SU ya koo moja nayo inafaa, kwani pistoni yake hupanua na kubana koo kulingana na hewa inayotakiwa, hivyo kosa la ukubwa si kubwa. Inahitaji manifoldi ya kutengenezwa maalumu. Ukiifunga, kumbuka oili nyepesi kwenye kisima cha juu. Kikikauka gari linasita ukikanyaga, na utaambiwa tena kwamba kabureta imekufa.

Kabureta za pacha za mbio, zile za kulala ubavu, ziache kwa magari ya mbio. Na chujio la koni linalokaa wazi kwenye boneti liache dukani kabisa. Vumbi la barabara ya Dodoma au la Isiolo lilikuwa linazuiwa na bakuli la oili. Koni ya bei rahisi itaacha lipite, na baada ya misimu michache utakuwa unatafuta pistoni na ringi.

Siku ya kufunga, weka springi mbili za kurudisha kipepeo, si moja. Fungua skurubu ya mchanganyiko mzunguko mmoja na nusu, washa injini, iache ipate moto kabisa kabla ya kurekebisha. Weka sailensi kwanza, kisha mchanganyiko kwa kutafuta mahali geji ya vakyumu inaposoma juu zaidi, kisha rudia sailensi. Endesha kilomita hamsini hivi, barabara iwe na mlima, halafu toa plagi zote nne uzipange kwa zamu juu ya boneti. Petroli ya sasa haiachi rangi nyingi kama ya zamani, kwa hiyo usitegemee kahawia nzuri ya kwenye vitabu; angalia zaidi kama zote nne zinafanana. Kaza tena nati za manifoldi injini ikiwa baridi, maana gasketi mpya hulala baada ya kupata moto mara ya kwanza.